Mafundi wa Moshi tunakwenda Mji Mkongwe kuangalia majengo: tuanzie wapi na tuangalie nini?

mwashi_soweto (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Sisi ni mafundi wa hapa Moshi, waashi na maseremala, tumechangishana nauli ya kwenda Unguja mwezi wa saba. Hatuendi kuogelea. Tunataka kuyaona majengo ya Mji Mkongwe, hasa ule mstari unaotazama bahari kuanzia bandarini mpaka Shangani, na tuyaone kwa jicho la kazi: ukuta umesimamaje, sakafu ya juu imebebwa na nini, ile milango imeungwaje. Tutakuwa mjini siku mbili na nusu.

Wanaoujua mji ule naomba mtusaidie. Tusafiri vipi ili tusifike tumechoka hoi? Tuanzie wapi na saa ngapi? Na mtu aliyezoea bloku, nondo na mawe meusi ya mlimani aangalie nini hasa, maana kuta zikishapakwa chokaa nyeupe zote zinafanana. Pia kama kuna anayejua, Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Sultan pale baharini, inaingilika?

njiro_juu (Arusha)

Mkuu, nianze na usafiri, maana ndio unaowaharibia wengi siku ya kwanza. Basi la alfajiri kutoka Moshi linatembea zaidi ya kilomita 500 na linaingia Kituo cha Magufuli pale Mbezi jioni. Kutoka Mbezi hadi bandarini ni foleni nyingine. Boti ya mwisho ya siku hiyo hamtaiwahi, msijidanganye. Laleni Dar karibu na Posta au Kariakoo, kesho yake mpande boti ya kwanza, ambayo kwa kawaida inaondoka saa 1 asubuhi. Wanaotaka kuokoa pesa ya chumba hupanda basi la usiku, wakafika alfajiri na kuunganisha boti ya asubuhi, lakini ukifika Unguja hujalala, mchana wote unaangalia majengo huku macho yanafumba.

Kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA mkononi, kisikae ndani ya begi. Nauli ya Mtanzania na ya mgeni ni tofauti, na jina la kwenye tiketi lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Tiketi nunueni dirishani kwa kampuni yenyewe au mtandaoni. Yule kijana anayewakimbilia getini akiwaambia boti imejaa na yeye ana nafasi, mpiteni tu. Fikeni saa nzima kabla ya boti kuondoka kwa sababu kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo.

Mwezi wa saba ni msimu wa kusi, bahari inachafuka, na mchana huwa mbaya kuliko asubuhi. Kaeni sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, ndiko boti inakorushwa kidogo. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla boti haijaondoka. Ukianza kutapika ndipo uimeze, haikai. Kwa boti za kasi ni safari ya kama saa mbili.

Ndege ipo pia, KIA (uwanja wa Kilimanjaro) hadi Unguja ni kama saa moja, na zile ndogo za Kisongo, uwanja wa Arusha, zinaruhusu mzigo wa kilo 15 kwenye begi laini. Kwa kikundi cha mafundi waliochangishana, boti inatosha. Vyumba wekeni mapema, Julai wageni ni wengi. Upande wa Malindi na Darajani bei huwa nafuu kuliko Shangani.

bi_mwera (Arusha)

Karibuni sana kwetu, wanangu. Mimi nitasema habari ya mpangilio wa kutembea, maana watu wengi wanakosea kitu kimoja: asubuhi wanakimbilia baharini, jioni wanaingia vichochoroni. Fanyeni kinyume chake.

Mstari wa Mizingani na Forodhani unatazama magharibi na kaskazini-magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya majengo, sura yake ya mbele yote iko kivulini, roshani hazionekani vizuri na picha zinatoka nyeusi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaipiga ile sura ya mbele kwa ubavu na kila nakshi inajitokeza. Kwa hiyo asubuhi ingieni ndani ya mji, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Soko Mhogo, wakati vichochoro bado vina ubaridi na wenye nyumba wamefungua milango. Alasiri ndipo mtoke baharini.

Mkitoka, anzieni kwenye Dispensari Kongwe iliyo karibu na bandari. Aliyeijengesha ni tajiri wa Kihindi, Tharia Topan. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, ikamalizika 1894, mwenyewe akiwa ameshafariki. Simameni upande wa pili wa barabara kwanza mzione zile roshani za mbao kwa ujumla wake, halafu sogeeni chini yake mtazame juu. Maseremala wenu hapo watakaa. Ilikarabatiwa miaka ya 1990 na shirika la utamaduni la Aga Khan, ndiyo maana mbao zake ziko katika hali ambayo majirani zake hawana.

Kutoka hapo fuateni bahari, mpite Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa 1911 na Sultan Khalifa, na chini yake mafundi wa mashua. Mbele yake kuna Forodha ya zamani, kisha Beit al-Sahel, jumba la Masultani ambalo sasa ni makumbusho. Hapo, mkikuta pamefunguliwa, lipeni kiingilio muingie, ili mwone urefu wa dari na upana wa vyumba kwa ndani. Eneo hilo lilipigwa mizinga na Waingereza 27 Agosti 1896, vita vya dakika zisizofika 45, na sehemu kubwa ya mnayoiona ilijengwa upya baada ya hapo.

Beit al-Ajaib ndiyo inayofuata. Sultan Barghash bin Said aliijenga 1883. Nguzo zake za nje ni za chuma cha kumimina, na ndani fundi alichanganya mawe ya matumbawe, mihimili ya chuma na zege, ndiyo maana kumbi zake ni pana kuliko nyumba yoyote ya zamani pale mjini. Ule mnara wa saa wa mbele haukuwamo tangu mwanzo, uliongezwa baada ya mizinga ya 1896. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu ya mbele pamoja na mnara iliporomoka na watu wawili walipoteza maisha. Msipange safari yenu kwa kutegemea kuingia ndani. Ulizeni mkifika, na kama kuna uzio, uheshimuni. Hata kwa nje kuna mengi ya kuona, hasa ubavuni upande wa Ngome.

Ngome Kongwe yenyewe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Kuta zake ni za jiwe lenye lipu kidogo sana, kwa hiyo waashi mtaona mpangilio wa mawe bila kificho. Kutoka hapo mpaka Shangani ni hatua chache. Njia nzima kuanzia bandarini hata kilomita mbili haifiki, lakini ipeni alasiri mbili.

chokaa_na_jiwe (Moshi)

Fundi, swali lako la tatu ndilo zito, acha nilijibu kwa urefu.

Nyumba ya Mji Mkongwe ina vitu vitatu: jiwe la matumbawe, chokaa na boriti. Ukivielewa hivyo, mengine yote yanajieleza. Jiwe la matumbawe ni jepesi na lina matundu matundu, halichongeki likawa na kona kali kama tofali. Kwa hiyo ukuta hausimami kwa kupanga mawe, unasimama kwa unene na kwa chokaa iliyojaza kila pengo. Kuta za chini zina unene wa nusu mita au zaidi. Simama kwenye dirisha la ghorofa ya chini, weka mkono kwenye kina cha ukuta, utajua.

Boriti ni miti ya mikoko. Urefu wake wa maana kwa kubeba sakafu ni kama mita 3 hivi, ukizidi inapinda. Hii ndiyo siri ya ramani ya nyumba nzima: vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ingia nyumba yoyote iliyogeuzwa hoteli au mgahawa, inua kichwa, hesabu boriti na pima chumba kwa hatua. Juu ya boriti kuna mawe bapa, juu ya mawe kuna zege la chokaa lililoshindiliwa. Sakafu ile ni nzito sana, na uzito wote unaishia kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani.

Sasa ugonjwa. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini na hewa ya bahari inaleta chumvi. Chokaa inaruhusu ule unyevu utoke taratibu nje. Ukipiga lipu ya saruji juu yake umeziba pumzi: unyevu unapanda juu zaidi ukutani, chumvi inaganda nyuma ya saruji, inasukuma, na lipu inaachia kipande kizima. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba unyevu ukikosa pa kutokea unafika kwenye ncha za boriti ndani ya ukuta, zinaoza mahali ambapo hakuna anayeona, mpaka sakafu ishuke. Mkipita Kiponda tafuteni ukuta wenye rangi iliyotutumka kuanzia magotini hadi kiunoni. Gongeni kwa kifundo cha kidole: lipu ya chokaa iliyoshika inatoa sauti nzito, saruji iliyoachia inalia kama debe tupu. Hapo mna somo kamili bila kulipa kiingilio.

Angalieni na juu. Mapaa ya zamani mengi yalikuwa bapa, ya zege la chokaa, yakavuja, watu wakaweka mabati juu yake. Bati lenyewe si kosa. Kosa ni gata, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa: likitoboka sehemu moja, maji yote ya paa yanamwagika mstari mmoja wa ukuta msimu mzima wa masika. Mkiona mtini mdogo umeota ukingoni mwa paa, shukeni na macho moja kwa moja chini yake, mara nyingi mtakuta ufa. Mizizi inafuata chokaa yenye unyevu.

Vile vibao vya mawe vilivyoshikana na kuta, baraza, msivipite. Ni sehemu ya kukaa na kuongea, lakini vilevile vinalinda mguu wa ukuta, na mvua ikijaza kichochoro watu hupita juu yake. Nyingi zimerekebishwa kwa saruji. Linganisheni kingo zake na zile ambazo bado ni chokaa.

seremala_majengo (Moshi)

Naongeza ya milango, kwa maseremala wenu.

Tazameni kichwa cha mlango kwanza. Kilichonyooka, fremu ya mstatili, ni mtindo wa Kiarabu na kwa kawaida ndio wa zamani zaidi. Cha nusu duara chenye maua na majani mengi ni cha mwishoni mwa karne ya 19, mkono wa Kihindi ukiwa umeingia. Halafu kuna ile ya madukani, Gizenga na Hurumzi, yenye vipande vidogo vya mraba vinavyokunjwa ili duka lote lifunguke. Hiyo ni ya Kigujarati. Misumari mikubwa ya shaba yenye ncha asili yake ni India, ambako ilikuwa kinga dhidi ya tembo wa vita. Unguja imebaki pambo na heshima ya mwenye nyumba.

Kwenye kazi yenyewe: zile mbao mbili pana zinafungwa katikati na mfaa, mhimili uliochongwa ambao umegongwa kwenye ubao mmoja tu na kufunika ufa wa kati. Miimo ya pembeni inachongwa kwa mistari: mnyororo upande wa nje, mawimbi au samaki chini, maua yakipanda juu. Mbao ni msaji au mfenesi kwa mingi. Kagueni sentimita 20 za chini kabisa za mwimo. Hapo ndipo maji yanapoanzia kula, na hapo ndipo mtaona nani amepachika kipande kipya kwa kiungo kizuri na nani amejaza saruji. Mlango mpya wa kuuzia watalii mtaujua kwa nakshi ya kina kifupi na kingo zilizo kali mno. Wa zamani kingo zimelainika kwa mikono na upepo.

Juu ya kizingiti mara nyingi kuna aya ya Kurani na mwaka wa Hijria kwa tarakimu za Kiarabu. Kuugeuza: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mlango wenye 1300 unatoka 1883 hivi, mwaka uleule wa Beit al-Ajaib. Andikeni tarakimu za Kiarabu kwenye karatasi kabla ya kuondoka, mtatembea mkisoma umri wa nyumba wenyewe.

mwashi_soweto (Moshi)

Asanteni sana wakubwa. Shikamoo bi_mwera. Mawili bado. Tunaruhusiwa kusimama mbele ya nyumba ya mtu tukapima na kupiga picha? Na chokaa yenyewe, kuna mahali tunaweza kuona inavyofanyiwa kazi, mchanganyiko wake ukoje?

bi_mwera (Arusha)

Marahaba mwanangu. Mlango uko njiani, kuutazama hakuna neno. Ila nyumba inakaliwa. Mkikuta mtu barazani, salamu kwanza, kisha elezeni kwamba nyinyi ni mafundi mnasoma kazi. Mkifanya hivyo mara nyingi mwenye nyumba atawaonyesha na ngazi ya ndani. Mkielekeza simu bila neno, mtafungiwa. Akina mama msiwapige picha bila ruhusa, na mlango ukiwa wazi msichungulie uani. Futi ya kupimia itoeni baada ya kuruhusiwa.

Vaeni suruali ndefu na mashati yenye mikono. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana vichochoro vya karibu na misikiti vinajaa wanaokwenda kuswali, kaeni sehemu mle chakula cha mchana. Na vespa zinapita humo humo mnamotembea; mkisikia honi, simameni kando ya ukuta, msikimbie.

Mkitaka mwongozaji, dai kitambulisho chake cha kazi na mkubaliane bei na mada kabla hamjaanza. Mwambieni waziwazi kuwa mnataka majengo, vinginevyo atawapeleka maduka ya vinyago. Mapapasi wa bandarini, wale vijana wanaowawinda wageni, muwashukuru na muendelee. Kwa Mkunazini ingieni Kanisa la Anglikana, lililoanza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Mle ndani ongeeni kwa sauti ya chini. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani havitazamwi kama kazi ya uashi tu.

chokaa_na_jiwe (Moshi)

Kuhusu chokaa. Andikeni barua mapema kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ipo tangu 1985 na ndiyo inayosimamia vibali vya ukarabati. Semeni ni kikundi cha mafundi, tajeni tarehe, ombeni kuonyeshwa nyumba moja inayokarabatiwa. Msipande jukwaa la mtu bila fundi mkuu kuwaruhusu.

Mtakachokiona ni hiki. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa, yanayotoka humwagiwa maji yakachemka na kupasuka kuwa chokaa. Chokaa hiyo inafunikwa ikiwa na unyevu kwa wiki kadhaa au miezi; kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ya haraka ina punje ambazo hazijaiva, zikiwa ukutani zinavimba baadaye na kuacha vishimo.

Kwa lipu, kipimo cha kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga mkavu uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, usiguswe. Ukuta unalowanishwa vizuri kabla, kisha lipu inapigwa kwa tabaka nyembamba, milimita 10 au chini yake, kila tabaka likisubiri lililotangulia lishike. Fundi wa saruji atataka kumaliza kwa siku moja kwa tabaka nene, na hapo ndipo inapopasuka, kwa sababu chokaa haikauki kwa maji kutoka tu, inashika kwa kuvuta hewa polepole kutoka nje kwenda ndani. Mnaifunika magunia yaliyoloweshwa, mnaikinga na jua na upepo kwa siku kadhaa. Julai kusi inakausha haraka, kwa hiyo angalieni wanavyotundika magunia na upande gani wa jengo.

Jiwe letu la huku Moshi ni gumu na halinyonyi maji kama lile, kwa hiyo msirudi mkapiga chokaa kila mahali. Ila mkiitwa kukarabati nyumba ya kale ya mawe iliyojengwa kwa chokaa, pimeni kwanza udongo wa maungio kwa ncha ya msumari kabla hamjafungua mfuko wa saruji.

njiro_juu (Arusha)

Nyongeza ndogo ya kurudi. Mkiwa na siku ya ziada, msirudi moja kwa moja. Shukeni Segera kwenda Tanga, halafu Pangani, kama kilomita 50 kusini mwa Tanga. Mji wa kale kwenye mdomo wa mto, na maji ya mto ule yanatoka Kilimanjaro na Meru kupitia Nyumba ya Mungu. Kuna boma na nyumba za biashara za Uhindini zenye jiwe na boriti zilezile, nyingi zikiwa hazijakarabatiwa, kwa hiyo mtaona sakafu iliyovunjika kwa ndani, tabaka kwa tabaka, kitu ambacho Unguja kimeshafunikwa. Msikanyage ghorofa za juu, simameni mlangoni mtazame juu. Magari ya Pangani kutoka Tanga yanapungua jioni, ondokeni Tanga kabla ya saa nane mchana.